Nilisema Bata Hawana Mwenyewe

Wadau, leo sina video. Leo naandika, kwa sababu hili jambo nikilisema mbele ya kamera nitaanza kuchekesha, na sitaki mcheke.

Kuna maneno manne niliyasema kwenye klipu moja mwisho wa mwaka 2023: "Hawa bata hawana mwenyewe." Klipu yenyewe ilikuwa ya dakika moja na kidogo. Ilipendwa sana, ikasambazwa kwenye WhatsApp mpaka nikatumiwa mimi mwenyewe na mtu asiyejua kuwa ni yangu. Na ndiyo iliyomla bata wa bibi yangu.

Kwa ambao hawajui kwetu, niwapeleke kidogo. Mimi ni wa Garsen, upande wa Idsowe, ambako Mto Tana uko mlangoni. Kwetu mafuriko si habari, ni mgeni asiyebisha hodi. Wazee bado wanahesabu umri wa watoto kwa ile El Nino ya 1997. Hii ya Novemba 2023 tuliisikia redioni mapema, lakini kusikia na kuhama ni vitu viwili. Bibi alihama siku maji yalipogusa kizingiti. Akatoa mbuzi, akatia kuku kwenye matenga, akabeba godoro na sufuria, tukapanda naye mpaka Minjila, ambako ni juu. Bata wake kumi na mmoja akawaacha.

Nikamuuliza, "Bibi, na bata je?"

"Bata ni mtoto wa maji, mume wangu. Utamwokoa na nini?"

Msishtuke kusikia naitwa mume. Bibi na mjukuu kwetu ni utani, na bibi yangu haachi utani hata akiwa na godoro kichwani.

Baada ya wiki tatu hivi maji yalianza kushuka. Nikamwomba jirani mwenye mtumbwi anipeleke chini nikachukue picha. Jameni, sikujua pa kuelekeza simu. Mahindi hakuna. Miembe imesimama majini kama watu wanaooga. Nyumba nyingine limebaki paa tu. Na ndege walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona maisha yangu yote. Kwenye tuta moja lililojitokeza nje ya maji kulikuwa na kundi kubwa la bata, wamesimama wima, shingo juu, kama wanasikiliza hotuba. Tukasogea, wakaruka wote kwa pamoja huku wakipiga miluzi. Mbele kidogo, juu ya paa la bati la choo cha mtu, kulikuwa na bata wengine wanne, weusi wenye mabaka meupe. Hawa hawakuruka. Walitutazama tu.

Nikawachukua wote kwenye klipu moja. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa rahisi: bata aliye kwenye mafuriko na hakuna mtu karibu ni bata wa mwitu. Nikaigeuza simu usoni kwangu, nikasema: "Tana imetuletea nyama, wadau. Hawa bata hawana mwenyewe. Mwenye njaa asilaumu mtu."

Siku ya nne binamu yangu alikuwa anamwonyesha Bibi hiyo klipu, kwa kujisifu, eti tazama mjukuu wako alivyo maarufu. Bibi akatazama kimya. Halafu akasema, "Rudisha nyuma."

Binamu akarudisha.

"Simamisha hapo. Hao wa kwanza ni wa mwitu. Hawa wa kwenye bati ni wangu."

Nikacheka. "Bibi, bata si bata tu? Utawajuaje kwenye simu?"

"Wewe ulikuwa nao hapo ukashindwa. Mimi nimekaa nao miaka."

Asubuhi yake tulishuka na mtumbwi uleule. Juu ya lile paa kulikuwa na manyoya na bata dume mmoja. Majike watatu hawapo.

Waliowachukua sikuwatafuta sana, kwa sababu ni vijana tunaocheza mpira pamoja. Nilienda nikiwa nimejaa hasira. Mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole kabisa, "Lakini si wewe ulisema hawana mwenyewe?" Hakuwa ananikejeli. Alikuwa na mwezi mzima kambini anakula ugali na chumvi. Kisha akaniambia jambo ambalo mpaka leo sijalisahau: "Tuliona ajabu, hawakukimbia. Yule jike mkubwa alitujia mwenyewe."

Akaingia ndani akatoka na kipande cha leso, chekundu, kimefungwa fundo. Alikiona mguuni mwa bata alipokuwa anamchinja. Kilikuwa cha leso ya Bibi.

Basi ndiyo nikaanza shule upya, mwalimu wangu akiwa Bibi. Na yale nitakayowaambia hapa ni yake, pamoja na niliyoyasoma baadaye nikiwa natafuta kujua nilikosea wapi.

Kwanza, mtandaoni nilipotea. Ukitafuta namna ya kumjua bata wa mwitu na wa kufugwa, utaletewa maelezo ya Ulaya na Marekani. Kule kuna bata wa mwitu anayeitwa mallard, dume lake lina kichwa cha kijani kinachong'aa. Huyo ndiye babu wa karibu aina zote za bata wanaofugwa duniani, hata wale weupe wa kwenye katuni. Kwa hiyo mtu wa London akiona bata kwenye kidimbwi anaweza kubabaika kweli, maana wa mwitu na wa nyumbani ni ukoo mmoja, wanapandana, na watoto wanatoka mchanganyiko.

Sisi huku hatuna kisingizio hicho. Mallard si ndege wa Tana. Na bata ambao Bibi na majirani zake wanafuga si hata wa ukoo wa mallard. Ni yule mzito mwenye nyama nyekundu za vinundu kuzunguka macho, ambaye Wazungu wanamwita Muscovy, ingawa Moscow haimhusu kabisa. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Watu wa kule walimfuga kabla meli yoyote ya Ulaya haijafika, na meli hizo ndizo zilizomsambaza duniani. Yaani bata wa Bibi ni mgeni kutoka ng'ambo ya bahari mbili, na hakuna bata wa mwitu kwenye delta yetu aliye baba yake wala mjomba wake. Kuwatofautisha ni kama kutofautisha mbuzi na paa. Ukikosea, basi hukuangalia.

Sasa uangalie nini? Bibi alianza na nguo. "Wa mwitu wamevaa sare," akasema. "Wangu kila mmoja na leso yake." Nikarudi kwenye klipu nikaona ni kweli. Lile kundi la kwenye tuta lilikuwa la bata wanaopiga mluzi: uso mweupe kama aliyejipaka unga, kisogo cheusi, kifua cha rangi ya kahawia nyekundu, ubavuni mistari midogo. Wote vilevile, dume na jike, huwezi kumchagua mmoja. Wale wanne wa kwenye bati, mmoja alikuwa na bawa jeupe, mwingine shingo ya madoadoa, mwingine karibu mweusi mtupu. Kufugwa ndiko kunakoleta hizo rangi za ovyo, kama ilivyo kwa kuku na paka. Porini, anayetofautiana na wenzake huonekana upesi na adui.

Pili ni umbo. Bata mluzi ni mwembamba, ana miguu mirefu na shingo ndefu, anasimama wima. Uzito wake haufiki hata kilo moja. Bata dume wa nyumbani anaweza kufika kilo tano, tumbo liko karibu na ardhi, anatembea kama mama aliyebeba ndoo mbili. Jike lake ni dogo, karibu nusu ya dume.

Tatu ni sauti, na hapa hata gizani hukosei. Wa mwitu huyu anapiga mluzi wa sauti tatu akiwa angani. Wa Bibi hapigi mluzi, wala hapigi zile kelele za kwenye katuni. Dume linatoa pumzi kama gurudumu linalovuja, jike linanong'ona.

Nne ni ratiba. Bata mluzi mchana amepumzika kwenye ukingo na kundi lake, usiku ndio anakwenda kula. Wa nyumbani jioni anarudi. Hata nyumba ikiwa chini ya maji, anarudi pale ilipokuwa. Ndiyo maana wale wanne walikuwa juu ya choo kile. Choo chenyewe, wadau, kilikuwa cha Bibi. Nilishindwa kuitambua boma niliyozaliwa kwa sababu ya maji, bata wakaitambua.

Kuna mtego mmoja: kuruka. Wengi wanasema bata wa nyumbani haruki, basi anayeruka ni wa mwitu. Si kweli. Hawa bata wetu, hasa majike, wanaruka vizuri tu kama hawajapunguzwa manyoya ya bawa, na wanapenda kulala juu. Kwao Amerika wanataga kwenye matundu ya miti. Kwa hiyo ukimkuta bata juu ya mwembe usiharakishe kusema ni wa porini. Uliza swali lingine: akikuona anafanya nini? Wa mwitu anakuhesabia hatua, ukivuka mpaka wake hayupo. Wa nyumbani anadhani umemletea pumba.

Nisijifanye kwamba baada ya hapo nimekuwa fundi. Miezi michache baadaye nilikuwa njia ya Gamba, kwenye maji yaliyobaki mashambani, nikaona ndege mkubwa, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, uso mwekundu. Nikajisemea, huyu hanidanganyi tena, huyu ni bata wa mtu amepotea. Nikaanza kumwita kama Bibi anavyoita. Nikampigia simu kabisa.

"Shikamoo Bibi. Nimepata bata wa mtu, mkubwa ajabu."

"Marahaba. Miguu yake?"

"Mirefu. Ya rangi ya waridi."

"Na amekungoja?"

Hakuwa amenigoja. Alikuwa ameshapaa, na mabawa yake yalikuwa mapana kuliko bata yeyote niliyewahi kumwona uani. Nilikuja kusoma kwamba huyo ni bata bukini wa porini mwenye mwiba kwenye kikunjo cha bawa, anayepigania nao. Ni mmoja wa ndege wakubwa kabisa wa jamii ya bata duniani, na Tana ni kwao. Ukimtazama haraka ile rangi nyeusi na nyeupe na uso mwekundu inakuleta kwa bata wa nyumbani. Ukitazama miguu na shingo, unaondoka. Kuna wa kundi hilohilo la kuchanganya: bata wa mwitu ambaye dume lake lina nundu kubwa jeusi juu ya mdomo. Lakini huyo kichwa chake ni cheupe chenye vidoadoa vyeusi, na nundu ni moja, iko juu ya mdomo. Wa nyumbani ana vinundu vyekundu vingi, viko usoni kuzunguka macho.

Tena huyo mwenye mwiba si wa kumkimbilia na sufuria. Sehemu nyingine za Afrika imegunduliwa kwamba nyama yake inaweza kuwa na sumu, kwa sababu anakula mbawakawa wenye sumu na sumu inabaki mwilini mwake. Na kule Bunyala, magharibi mwa Kenya, imeandikwa kwa miaka jinsi ndege wa mashamba ya mpunga wanavyotegwa kwa dawa ya wadudu, Furadan, kisha wanauzwa kwa watu wale. Kwa hiyo ukiletewa bata aliyekwisha kunyonyolewa, bei ya kutupa, uliza alikufaje. Na ukifikiria kumkamata wa mwitu akiwa hai umchanganye na kuku wako, kumbuka bata wa porini anaweza kubeba mafua ya ndege bila yeye kuonyesha dalili yoyote. Kuku wako watazionyesha.

Lakini yote haya bado hayajagusa kosa langu lenyewe. Nimelifikiria sana. Nilidhani kosa ni kutomjua bata. Bibi anasema hapana. Anasema hata ningekuwa nimepatia, hata wale wanne wangekuwa wa mwitu kweli, maneno yangu bado yangekuwa mabaya. Watu wanauliza "huyu wa mwitu au wa nyumbani?" si kwa kupenda elimu. Wanauliza wajue kama wanaweza kumchukua. Na jibu lenyewe ni hapana mara zote mbili. Wa nyumbani ana mtu aliyemlisha. Wa mwitu naye, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumuua wala kumfuga bila kibali. Delta yetu tangu 2012 iko kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu muhimu duniani, zaidi ya hekta 163,000, na ndege hao ni sehemu ya sababu.

Najua kuna atakayesema: wewe una simu ya kupiga picha, mwenzio ana watoto wanalia, unamsomea sheria? Sikatai. Yule kijana wa ugali na chumvi sikumshtaki na sitamhukumu hapa. Mwenye njaa ana haki ya kusaidiwa mapema, kabla hajafika kwenye kombeo. Mimi ndiye nisiyekuwa na njaa. Mimi nilikuwa natafuta watazamaji, nikagawa mali ambayo haikuwa yangu.

Na sisi wa Tana, kuliko watu wengine, tungepaswa kuogopa hayo maneno. Mwaka 2008 ulipoletwa mpango wa mashamba makubwa ya miwa hapa deltani, nchi hii ilizungumzwa kama pori tupu linalongoja mtu wa kulitumia. Hapo pana Wapokomo wanaolima kwa kufuata maji, pana Waorma wanaoshusha ng'ombe wakati wa kiangazi, pana wavuvi. Kwa sababu aliyetazama hakuona ua wala bati, alisema hapana mwenyewe. Watu walikwenda mpaka mahakamani kusema tupo. Nami, mtoto wa watu hao, nikasimama kwenye mtumbwi wa kuazima nikasema vilevile juu ya bata, tena juu ya paa la kwetu.

Klipu niliifuta. Wengine bado wanayo, siwezi kuwafuta. Nilimnunulia Bibi majike mawili Tarasaa, hakuyakataa, ingawa alisema hayajui njia. Mmoja amelalia siku thelathini na tano, kama ilivyo desturi ya aina hii, akatotoa saba. Kila mmoja sasa ana kipande cha leso mguuni, na safari hii mimi ndiye niliyefunga. Jioni Bibi akigonga sufuria wanakuja mbio na matumbo yao. Saa hiyohiyo juu wanapita wale wa mwitu, wanapiga miluzi, wanakwenda kula. Nimezoea kusikiliza zote mbili.

Sasa sababu ya kuandika leo. Maji yalipopanda tena Mei 2024, kulikuja bata jike uani kwa Bibi, amechoka, akaingia na wetu mpaka leo. Ana vinundu vyekundu usoni, mabaka meupe kwenye bawa la kushoto, na ukucha mmoja wa mguu wa kulia umekatwa kwa kisu, si kwa ajali. Mtu alimtia alama. Bibi amekataa kumfunga leso. Kama ni wako, au unamjua bibi wa mtu aliyepoteza bata wa namna hiyo kutoka juu ya mto, uliza Idsowe kwa bibi mwenye bata. Yupo, mzima, anakula.

Mwenyewe aje.